Mwimbaji Asiyetoa Sauti

Ukiingia kituo kikuu cha mabasi asubuhi, kabla hujaona basi lolote utamsikia Besi. Sauti yake inatoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, nzito, tulivu, haina haraka, inawaita wasafiri wa kila upande kwa zamu na kuwaambia basi lao liko mlango gani. Wapo watangazaji wengine wanaopokezana naye, na wao ukiwasikia unajua tu kwamba basi linaondoka. Akitangaza Besi, watu wanasimama na kushika mizigo yao. Muuza magazeti wa pale mlangoni anaapa kwamba sauti ile ikimwambia apande basi asilolijua, atapanda kwanza, kuuliza atauliza njiani.

Wenzake kibandani wanamtania kwa jambo moja. Kila akishika zamu, kabla ya kuwasha maikrofoni, anatoa kwenye mkoba chuma kidogo chenye meno mawili, anakigonga gotini, anakiweka karibu na sikio, anaguna kidogo, ndipo anaanza kazi. Wanasema ni hirizi. Yeye anacheka na kuwaambia bila hirizi hiyo hakuna basi litakalotoka. Chuma chenyewe ni uma wa sauti, ule unaotumiwa na wanakwaya, unaotoa noti moja tu na hauibadilishi hata ukiugonga mwaka mzima. Una habari yake, na habari hiyo inaanza na jambo ambalo huwezi kuliamini ukiwa umesimama pale kituoni na sauti ile inakutetemesha kifua: mwanamke huyu aliimba kwaya ya shule miaka mizima bila kutoa sauti hata chembe.

Alijiunga na kwaya alipoingia tu sekondari. Mwalimu wa kwaya wa wakati huo alikuwa mtu nadhifu, wa kupiga pasi hadi leso, na aliipenda kwaya yake kama mtu anavyopenda gari jipya: hakutaka ipate hata mkwaruzo. Siku ya majaribio alimwimbisha kila mtoto ubeti mmoja. Ilipofika zamu ya msichana huyu mrefu, mwembamba, aliyekuwa akitazama viatu vyake, sauti ikatoka kana kwamba inatoka chini ya sakafu. Darasa zima likaangua kicheko. Palepale mtu akapaza sauti, "Besi huyo!" na jina likamganda hadi leo.

Mwalimu hakucheka. Alimwita pembeni, karibu na dirisha, akainama kidogo ili wengine wasisikie.

"Maneno yote unayajua, adabu unayo, na kwa urefu wako mstari wa nyuma utapendeza," alimwambia. "Ila sauti yako, binti yangu, itawavuta wenzako chini. Wewe fungua mdomo tu. Usitoe kitu. Iwe siri yetu mimi na wewe."

Alisema kwa upole, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Angemfokea, msichana angelia siku moja, angekwenda kujiunga na mpira wa pete, yakaisha. Lakini upole ule ulimfunga kamba. Akaitikia kwa kichwa.

Halafu kulikuwa na mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, akifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango wazi, vipande vya nguo vimemzunguka hadi magotini. Jioni ile Besi alipomwambia kwamba amechukuliwa kwaya, mama alisimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakulifanya hata mgeni akiingia. Alimvuta akamkumbatia na pini zikiwa bado mdomoni. Sasa mtoto aliyekumbatiwa namna hiyo ataanzaje kusema ameambiwa anyamaze?

Basi akawa fundi wa kunyamaza. Alijifunza kuvuta pumzi pamoja na wenzake, kupandisha nyusi kwenye noti za juu, kuyumba kidogo kwenye kiitikio, na kufunga mdomo sawasawa na wengine mwishoni, maana hapo ndipo mtu huumbuka. Kila tamasha la shule mama alikuja na kukaa viti vya mbele, amevaa gauni lake la kutokea. Walipokuwa wakirudi nyumbani alisema neno lilelile: "Nilikusikia, mwanangu. Sauti yako naijua hata katikati ya watu." Besi aliangalia pembeni. Neno lile lilimchoma kuliko kama angeitwa mwizi.

Kitu kimoja tu alikipata bila kukitafuta. Mtu anayeimba husikia zaidi sauti yake mwenyewe. Besi hakuwa na yake, kwa hiyo alizisikia za wenzake zote. Alijua nani anavuta pumzi mapema, nani anameza neno la mwisho, nani amegombana na nani ndiyo maana leo hawasikilizani. Alijua pia ugonjwa mkubwa wa kwaya yao, ambao ni kushuka. Walianza wimbo mahali pake, kisha kidogo kidogo sauti zikateremka, hata wakimaliza wako chini kabisa ya pale walipoanzia. Hakuna aliyegundua, kwa sababu wote walishuka pamoja. Na walishuka vizuri tu bila msaada wake, yeye aliyenyamazishwa asije akawashusha.

Ikaja siku mwalimu yule nadhifu akapandishwa cheo, akawa mkuu wa shule, na kwaya ikapewa mwalimu mgeni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho, na uma wa sauti ulikaa mfukoni mwa blauzi yake mahali ambapo walimu wengine huweka kalamu. Siku ya kwanza hakuwatolea hotuba. "Imbeni," alisema, na walipoanza akashuka jukwaani na kuanza kupita mstarini, akiinamisha sikio mbele ya kila mdomo, mmoja baada ya mwingine. Kwa wale warefu alikuwa na kigoda cha mbao. Alikikokota sakafuni, kikalia krrr, akapanda, akasikiliza, akashuka, akakikokota tena. Wiki haikwisha kabla hajaitwa Mwalimu Sikio.

Siku ile ya kwanza Besi alipata kikohozi. Aliposikia kigoda kinakuja mstari wa nyuma, alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Sikio akampita. Safari iliyofuata kamba ya kiatu ilifunguka. Iliyofuata, aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Alihesabu vizuri zamu za mistari na kujua lini wa nyuma wataachwa, na siku hizo tu ndizo alizopumua. Wazo lake lilikuwa moja: akigundulika ataondolewa kwaya, na akiondolewa, mama atauliza kwa nini. Na jibu la swali hilo lingefukua tamasha zote, na kila "nilikusikia" ambayo mama alisema kwa furaha.

Ujanja ukaisha siku Sikio alipobadilisha utaratibu. Alianza na mstari wa nyuma, na alianza naye. Krrr, kigoda kikasimama mbele ya magoti yake. Sikio akapanda, akaleta sikio mpaka Besi akaona kishimo cha hereni. Kwaya inaimba. Besi akafungua mdomo, akapandisha nyusi, akayumba. Alitaka kutoa sauti, lakini koo lilikuwa limesahau njia. Alidhani mwalimu atashuka baada ya mstari mmoja au miwili kama ilivyokuwa kwa wengine. Hakushuka. Alibaki pale juu ya kigoda ubeti baada ya ubeti, hadi wimbo ukaisha.

"Wewe mrefu, baki," alisema, na wengine wakatoka wakigeuka kumtazama.

Mlango ulipofungwa, Sikio alikunja mikono.

"Unaumwa koo?"

"Hapana, mwalimu."

"Maneno huyajui?"

"Nayajua."

"Basi kwa nini nimesimama kwenye kigoda wimbo mzima nasikiliza upepo?"

Besi akatazama viatu vyake.

"Nani alikwambia unyamaze?"

Jina la mkuu wa shule halikuwa jina la kutaja katika mambo kama hayo. Sikio alimwangalia, akaona huko hakupitiki, akageukia kwingine.

"Haya. Leo ubeti wa pili umeniharibikia na sijamkamata aliyeniharibia. Wewe ulikuwa huko nyuma huna kazi. Ni nani?"

Maneno yakamtoka kabla hajayachuja. "Si mmoja, mwalimu. Ni Kengele anaanza." Kengele alikuwa msichana mwenye sauti ya juu kuliko wote, nyota wa kwaya. "Anaiogopa ile noti ya juu inayofuata, kwa hiyo anavuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Wa pembeni yake wanamfuata, wanavuta nao. Wakirudi, wanarudi chini kidogo ya walipokuwa. Sauti ya tatu inawasubiri, ikiwapokea inashuka nao. Basi imekwisha."

Sikio alikaa kwenye kigoda taratibu.

"Yote hayo unayasikia?"

"Sina kingine cha kufanya, mwalimu."

Hapo Sikio akacheka, akacheka mpaka akajipangusa macho, kisha akaacha ghafla. "Kesho ukimaliza masomo, njoo stoo ya michezo. Njoo na hiyo sauti, vyovyote iwavyo."

Stoo ya michezo ilinuka ngozi ya mipira na nyavu zilizolowa. Walisimama kati ya viunzi vya kurukia na gunia la jezi chafu. Sikio akagonga uma gotini, akauweka karibu na sikio la Besi, akamwambia aitoe noti ile. Iliyotoka kwanza ilikuwa kwikwi. Besi akalia, akalia kwa hasira, akaona aibu ya kulia, akalia zaidi. Sikio hakumbembeleza. Alipanga mipira kwenye rafu hadi kilio kikaisha, akagonga uma tena.

"Aliyekunyamazisha hakusema uongo," alimwambia siku nyingine, sauti ilipokuwa imeanza kupata njia. "Sauti yako nzito, na inavuta. Nikikuacha kati ya wale wasichana wadogo wadogo utawaangusha wote kama karanga. Lakini hilo si jambo la kumnyamazisha mtu. Ni jambo la kumhamisha alipo."

Akamhamishia sauti ya tatu, katikati ya wavulana. Wavulana wakamkaribisha kwa "shikamoo kaka" na vicheko, mpaka waliposikia namna noti yake inavyokaa. Ilikaa haitikisiki, na wao waliozoea kuyumba wakajikuta wana kitu cha kuegemea. Vicheko vikaisha, wakaanza kugombea nani asimame karibu naye. Kila alasiri stooni Sikio alimchonga. Alimfokea kwa pumzi fupi, alimfokea kwa kidevu kilichonyanyuka, alimwambia "usinisukumie hewa kama unawasha jiko," na siku alipoimba wimbo mzima sawasawa alimwambia tu, "Rudia." Besi alitoka stooni akiwa anaruka. Kisha Sikio akamkabidhi uma. Kwaya yao iliimba bila ala, kwa hiyo lazima mtu mmoja agonge uma na kuwapa wenzake noti ya kuanzia. Kazi hiyo ilikuwa ya mwalimu siku zote. Sasa ikawa ya Besi.

Mkuu wa shule alikuja mazoezini bila kubisha hodi, mashindano ya shule zote yakiwa yamekaribia. Alisimama mlangoni. Besi alimwona, na noti aliyokuwa ameishika ikakatika mdomoni kama uzi. Mkuu aliwaita yeye na Sikio ofisini, na ofisini kulikuwa na kabati la vioo lenye vikombe alivyovishinda yeye enzi zake, na nafasi tupu mbele yake, imefutwa vumbi.

"Nilikwambia nini mimi?" alimuuliza Besi, kwa upole uleule.

Sikio alimtazama Besi, akamtazama mkuu, na Besi akaona usoni mwake kwamba sasa ameelewa nani alifanya nini.

"Anaimba sauti ya tatu, mkuu," alisema. "Na ndiye anayetoa noti."

"Mwalimu, naijua sauti hiyo. Siku ya mashindano woga utamshika, ataivuta kwaya nzima chini mbele ya majaji. Mrudishe nyuma, afungue mdomo kama alivyozoea. Hakuna aliyelalamika."

"Nalalamika mimi."

Mkuu akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hili lisemwe, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kushinda kwa njia moja, na hakuona njia nyingine. "Basi tukubaliane," alisema. "Aimbe. Kwaya ikianguka, wewe utarudi kufundisha jiografia peke yake, kwaya naichukua mimi, na huyu hatasimama tena mstarini."

"Sawa," Sikio alisema, wala hakumuuliza Besi.

Nje kwenye korido Besi alimfuata mbio. "Mwalimu, kwa nini umekubali? Nikikosea je?"

"Utakosea," Sikio alisema, anatembea haraka kuliko kawaida yake. "Kila mtu hukosea pale mbele. Mimi nataka kuona ukikosea unafanya nini." Lakini mkono wake ulikuwa ukiugusagusa mfuko wa blauzi uliokuwa mtupu, na Besi aliona.

Wiki hizo za mwisho hakula vizuri. Mama, aliyepewa na shule kazi ya kushona blauzi mpya za wasichana wa kwaya, alimpima shingo mara ya pili, akasema amekonda. Alizitia kola ndefu zenye kitambaa kigumu ndani, zikasimama wima hadi chini ya masikio, na kishikizo kimoja palepale kooni. "Mtaonekana watu," mama alisema, na Besi hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba kola inamkaba.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama alikuwa kiti cha mbele. Mkuu wa shule alikaa nyuma ya meza ya majaji, mikono juu ya magoti. Kanuni zilikuwa chache na kali. Kwaya ikisimama katikati ya wimbo imejitoa. Na wimbo ukiisha, jaji mkuu anagonga uma wake kuona kama kwaya imemalizia mahali pake au imeteremka. Wimbo wao ulianza na kuishia kwenye noti ileile ya uma, kwa hiyo pa kujificha hapakuwepo.

Waliokuwa mbele yao walimaliza wimbo wa kasi, wa juu, wenye kupiga makofi, na ukumbi ukalipuka kwa miluzi. Katikati ya kelele hizo ndipo Besi na wenzake walipopanda jukwaani na kujipanga. Akagonga uma gotini, akauinua upesi kuelekea sikioni, na meno ya uma yakagusa ile kola ngumu. Tsss. Uma ukafa.

Alipaswa kugonga tena. Kila mwanakwaya anajua hilo, hata wa darasa la kwanza. Lakini miluzi ilikuwa imekwisha, ukumbi wote umenyamaza unamtazama, na Sikio ameshainua mikono akimwangalia yeye tu, kwa uso wa mtu asiye na shaka. Besi akaona haya kugonga mara ya pili. Akatafuta noti kichwani, akaipata, akawapa wenzake. Wakaanza.

Hawakufika mwisho wa mstari wa kwanza kabla hajajua. Noti aliyoipata kichwani haikuwa ya uma. Ilikuwa ya wale waliotangulia, wimbo wao ulikuwa bado umemkaa masikioni, naye ameuchukua bila kujua. Amewaanzisha juu. Si juu sana, lakini juu ya kutosha. Kengele aliyekuwa ameanza kwa tabasamu, tabasamu likamwisha. Yeye pia amejua, maana mwisho wa wimbo kulikuwa na ile noti yake ya juu, aliyoiogopa hata siku za kawaida. Wakiifikia noti hiyo wakiwa bado juu namna hii, sauti yake itapasuka mbele ya ukumbi mzima.

Besi akamtazama Sikio. Sikio ameshajua. Mikono yake iliendelea kwenda sawasawa, lakini damu ilikuwa imemtoka usoni. Nyuma ya majaji, mkuu wa shule alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. Kusimama ni kujitoa. Kuendelea ni kumwua Kengele. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia. Nimewaua, Besi aliwaza. Mama yupo pale, na nimewaua wote.

Ubeti wa tatu ulikuwa wa sauti za chini peke yake. Wasichana wa juu walinyamaza hapo, wakapumzika, kisha wakaingia tena ubeti wa mwisho kwa kufuata pale walipoachiwa. Besi alikuwa ameushika ubeti huo mamia ya mara stooni, asiteremke hata kidogo. Sasa, alipokuwa akivuta pumzi ya kuuanza, likamjia wazo lililomtisha: kwamba jambo lile alilonyamazishwa kwa sababu yake, leo ndilo pekee linaloweza kuwaokoa. Anajua kuvuta. Alizaliwa nalo.

Akaanza kuwateremsha. Si kwa kishindo. Alikaa kila noti sehemu ndogo sana chini ya pale ilipotakiwa, akaitoa kifuani kwa uzito wake wote ili wavulana waegemee kama walivyozoea, na wavulana, bila kujua wanapelekwa wapi, wakaegemea. Mstari wa kwanza wakashuka chembe. Wa pili wakashuka chembe nyingine, kama mtu anayetua ndoo ya maji kichwani na hataki imwagike. Kola ilimkaba. Akafungua koo zaidi, na kishikizo kikakatika, kikaruka mahali fulani mbele ya jukwaa.

Sasa mkono wa kushoto wa Sikio ulikuwa na kazi moja mwaka mzima, nayo ilikuwa kunyanyuka, kiganja juu, kuwakumbusha wasishuke. Mkono ule ulikuwa umeshaanza kupanda kwa mazoea. Ukasimama hewani. Sikio akamtazama Besi, akasikiliza kwa nukta moja ndefu, kisha akautoa mkono ule hewani na kuuweka nyuma ya mgongo wake.

Besi karibu alie kwa namna alivyoaminiwa. Akavuta mstari wa mwisho hadi akaifikia ile noti ya uma, ile halisi, aliyoijua kama anavyoijua sauti ya cherehani ya mama. Akakaa hapo. Wasichana wakaingia, wakapokea mahali pake hasa, na Kengele akapanda. Alifunga macho akapanda, akaifikia noti yake, ikatoka safi, ikajaza ukumbi hadi juu. Wakamalizia pamoja. Jaji mkuu akagonga uma wake, akausikiliza, akawatazama wenzake na kuinua mabega. Walikuwa mahali pake.

Kombe hawakulipata. Jaji mmoja mwenye sikio jepesi alikuwa ameandika kwamba mwanzo haukuwa sawa, na alisema kweli. Walipata nafasi ya tatu, na kwaya iliyokuwa haijapata chochote tangu mkuu aiache ikapiga kelele kama imeshinda dunia.

Mkuu alikuja nyuma ya jukwaa. Kelele zikapungua. "Mlianza juu," alisema.

"Tulianza juu," Sikio alijibu.

"Na mkamaliza sawa. Nani aliwashusha?"

Sikio alifunga mdomo kabisa na kumwangalia Besi, na Besi akaelewa kwamba hili mwalimu hatamsemea.

"Mimi," alisema. Sauti yake ilitoka nzito, wavulana wakageuka. "Mimi ndiye niliyewapandisha kwa kosa, na mimi ndiye niliyewashusha kwa kukusudia. Ulisema nitawavuta chini, mwalimu. Nimewavuta."

Mkuu alivua miwani, akaipangusa kwa leso yake iliyopigwa pasi, akairudisha machoni. "Mazoezi yaendelee kama kawaida," alimwambia Sikio, akaenda zake. Hakuomba msamaha, wala hakuwa na mazoea hayo. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto wa shule ile aliyeambiwa afungue mdomo tu.

Besi akamnyooshea Sikio uma wake. Sikio hakuupokea. "Kaa nao," alisema. "Ila siku nyingine uweke mbali na kola." Kisha akageuka upesi kwenda kuwafokea waliokuwa wakikanyaga kigoda chake.

Besi alirudi nyumbani na mama kwa miguu, jioni haijaingia bado, wamebeba viatu vya jukwaani mkononi. Njia nzima Besi alisubiri neno lile la kila mwaka, safari hii bila kuangalia pembeni. Walipofika mlangoni, mama alimsimamisha, akaigusa kola pale palipokuwa na kishikizo, uzi ukining'inia.

"Leo nimekusikia," alisema.

"Lakini mama, kila mwaka unasema umenisikia."

"Kila mwaka nilikuwa nasema." Mama alikuwa bado ameushika ule uzi. "Shingo yako naipima mimi, mwanangu. Koo la mtu anayeimba linacheza. Lako lilikuwa halichezi. Nikasema niseme tu kwamba nasikia, huenda siku moja ukachoka kunidanganya, ukaimba."

Kisha akaingia ndani kutafuta kishikizo kingine.